Mwanafunzi na Nyota Yake Njema

Wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, mwanafunzi wangu mmoja alinijia majilisini na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlichorwa duara lenye vipande 12, na mistari ya samawati na myekundu imepitana humo kama utando wa buibui. Mamaye alikuwa amemlipa mnajimu amtazamie nyota ya kuzaliwa.

"Mwalimu," akaniambia, "Jua langu limetazamana na Mshtarii kwa wema. Elimu yangu haina kizuizi."

Madaftari ya hesabati alikuwa amekwisha kuyaweka kando.

Sikumcheka. Unajimu ni mkongwe kuliko shule zetu zote, na mwalimu akichekaye kitu asichokijua hana tofauti na mwanafunzi aliyelala darasani. Nilimwomba aikunjue karatasi tuisome pamoja.

Mtazamo huo wa wema ni ule ambao Waarabu waliuita tathlithi: sayari mbili zikiachana kwa digrii 120, yaani theluthi ya duara. Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya 2, alieleza kwamba buruji zinazotazamana hivyo hupatana kwa kuwa ni za jinsi moja. Wanajimu huzipanga Hamali, Asadi na Kausi katika kundi la moto. Kwa hiyo Jua likiwa Hamali, na Mshtarii ikiwa Asadi, husemwa kuwa hizo mbili zasaidiana kama ndugu. Na kwa kuwa Mshtarii hupewa sifa za neema na elimu, mtu huyo huambiwa amejaliwa. Hadi hapo mnajimu hakudanganya kanuni za kazi yake.

Tukafanya hesabu, somo lile lile alilolikimbia! Jua huonekana likisogea takriban digrii moja kwa siku. Mshtarii, nyakati zile za tathlithi, huelekea kuonekana kama imesimama mahali pamoja. Wanajimu wengi hukubali kasoro ya hata digrii 8 kila upande. Basi mtazamo huo hudumu siku zipatazo 16, nao hutokea mara mbili katika kila mzunguko wa takriban miezi 13. Je, ni watoto wangapi ulimwenguni waliozaliwa katika siku hizo? Wote, wavivu kwa wenye bidii, wana mstari ule ule wa samawati.

Kijana alinyamaza, kisha akauliza ikiwa mtu amewahi kuupima unajimu. Nikamweleza jaribio la Shawn Carlson, lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1985. Wanajimu walipewa mchoro wa mtu pamoja na maelezo matatu ya tabia, mojawapo likiwa la mwenyewe, wachague. Walipatia takriban mara moja katika kila tatu, kiasi kile ambacho angekipata mtu anayebahatisha tu.

Lakini hoja iliyomgusa zaidi ilitoka kwa wanajimu wenyewe. Wengi wao wa zama hizi hushikilia kwamba tathlithi huleta wepesi, na wepesi huzaa uzembe. Kwamba ni tarbii, ule mtazamo mgumu wa digrii 90, umsukumao mtu kutenda. Hata kwa imani yake mwenyewe, basi, kijana alikuwa ameisoma nusu ya karatasi. Hapo ndipo aliponiambia, kwa sauti ya chini, kwamba aliyaacha madaftari kwa kuwa alianguka vibaya katika mtihani wa majaribio. Aliogopa. Karatasi ile ilimpa ruhusa ya kutoogopa.

Ijumaa mamaye alikuja, uso umekunjamana. "Mwalimu, umempokonya mtoto tumaini lake."

Neno hilo lilinichoma, wala siwezi kusema mama yule alikosa kabisa. Nilimpeleka hadi dirisha la darasa. Mwanawe alikuwa ameinama juu ya maswali ya logi, swali la tatu limefutwa mara kadhaa, na ile karatasi ya nyota ameitia kwenye kitabu kuwa alama ya ukurasa.