Mashine ya Presha: Kununua au Kukodi?

Masika yanapokwisha katika mwambao wetu, kuanzia Mtwara hata Lamu, huacha alama isiyohitaji shahidi: kuta za nyua zimepiga weusi, sakafu za nje zimeota utelezi wa kijani unaoweza kumvunja mzee nyonga, na bati lililokuwa jekundu halijulikani tena rangi yake. Ndipo mwenye nyumba, aliyekwisha kuchoka kuinama na brashi, huingiwa na shauku ya ile mashine aionayo kila siku mahali pa kuoshea magari, ambayo vijana huiita mashine ya presha, akaanza kujiuliza swali ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la fedha tu: je, ainunue iwe milki yake, au aikodi kwa siku moja, amalize haja yake na kuirudisha kwa mwenyewe?

Shauri langu nitalitoa mapema, ili msomaji mwenye haraka asicheleweshwe. Wengi wetu hatuna haja ya kuinunua, na sababu iliyo kubwa kuliko bei ni kwamba mashine hii huharibika zaidi kwa kukaa kuliko kwa kutumika.

Ndani yake hamna siri kubwa. Maji huingia kutoka bombani au tangini kwa nguvu ndogo, ambayo katika mabomba ya mjini aghalabu haizidi bari 3 au 4, yakakutana na pistoni ndogo, kwa kawaida tatu, zinazoyasindika kwa zamu na kuyalazimisha kupita katika tundu jembamba la nozo, hata mgandamizo ukafikia bari 100 mpaka 150 kwa mashine za nyumbani zitumiazo umeme, na bari 200 au zaidi kwa zile za injini ya petroli. Bari moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ituzungukayo hapa usawa wa bahari. Kwa hesabu ya fizikia, maji yaliyosukumwa kwa bari 100 huchomoka kwa mwendo wa mita 140 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 500 kwa saa, na ni kasi hiyo ing'oayo kuvu, wala si wingi wa maji. Maana mashine ya kawaida hunywa lita 6 au 7 kwa dakika, ilhali mpira wa bustani ulioachwa wazi humwaga lita 15 na zaidi. Lakini kasi hiyo hupotea upesi hewani, na kwa hiyo kuishika nozo umbali wa shibiri mbili kutoka ukutani na kuishika umbali wa nusu shibiri ni kazi mbili mbalimbali: ya kwanza husafisha, ya pili huchonga.

Asili ya chombo hiki ni mvuke. Mmarekani Frank Ofeldt, wa Pennsylvania, ndiye atajwaye sana kwa kubuni mashine ya kuoshea kwa mvuke katika miaka ya 1920. Mwaka 1950 Mjerumani Alfred Kärcher akatoa mashine ya maji moto yenye presha kubwa, ya kwanza katika Ulaya, na alipofariki mwaka 1959 mjane wake, Irene, akaishika hatamu ya kampuni kwa miaka mingi, jambo lisilo la kawaida kwa zama zile. Muda wote huo mashine hizi zilikuwa mali ya viwanda na gereji kubwa, na hakuna mwenye nyumba aliyefikiri kuwa nazo, mpaka mwaka 1984 kampuni hiyo hiyo ilipotoa mashine ya kubebeka kwa ajili ya watu wa majumbani. Tangu hapo swali letu likaanza kumhusu mtu wa kawaida.

Na tulifanyie hesabu. Tuseme, kwa mfano tu wala si kwa bei ya soko, kuwa mashine ya umeme yauzwa shilingi 450,000 za Tanzania, na kwamba mwenye duka hukodisha ya namna hiyo kwa shilingi 35,000 kwa siku. Ukigawa utaona kwamba fedha ya kununulia yatosha kukodi siku 12, na chenji yabaki. Mwenye nyumba wa kawaida huosha mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na kabla ya Idi au Krismasi. Basi itamchukua miaka sita kuzimaliza siku zake 12, na katika miaka hiyo huyu aliyekodi hakununua mpira uliopasuka wala sili zilizoliwa, hakutafuta mahali pa kuiweka, wala hakumkatalia jirani aliyekuja kuiazima. Najua msomaji atanijibu kuwa bandu bandu huisha gogo, na ya kuwa ijara ya leo na ya kesho hatimaye huzidi bei ya chombo. Ni kweli kwa mwenye kuitumia kila wiki. Kwa mwenye kuitumia mara mbili kwa mwaka, gogo lenyewe litakuwa limeoza kabla ya kuisha kubanduliwa.

Kuoza huku ndiko nilikotaka kufika. Mashine iliyotumika baada ya masika ikawekwa stoo hata Desemba hubaki na maji tumboni. Maji hukauka, na yakiwa ya kisima cha pwani, ambayo mengi ni ya chumvi, huacha ukoko mweupe mgumu juu ya vali na pembeni mwa pistoni, sili za mpira zikakakamaa, na siku ya kuiwasha injini hunguruma lakini nozo yatema matone. Fundi akiifungua atakuonyesha ukoko huo kwa ncha ya bisibisi, na ikiwa kichwa cha pampu ni cha alumini, kama kilivyo katika mashine nyingi za bei nafuu, atakuonyesha pia mahali ambapo chumvi imeanza kula madini yenyewe. Mashine ya kukodi, kwa kuwa hutoka karibu kila siku, haipati wasaa wa kuganda. Imechakaa kwa nje, pengine imefungwa mkanda mweusi hapa na pale, walakini ndani yake i hai.

Mambo ya maji yataka kutazamwa hata kabla ya fedha. Mashine ya lita 6 kwa dakika hutumia lita 360 kwa saa, kwa hiyo tangi la lita 1,000 halifiki saa tatu. Na katika mitaa ambayo bomba hutoa maji mara mbili kwa juma, kuosha uwanja mzima ni kuwanyima watu wa nyumbani maji ya kuoga. Tena pampu hizi nyingi zimeundwa kupokea maji yanayosukumwa, wala si kuyanyonya kutoka ndooni. Tangi likiwa chini na bomba lake jembamba, pampu huvuta hewa, na hewa huila kuliko kazi yenyewe. Umeme, kwa upande wake, si gharama ya kuogopesha: mashine ya kilowati 1.8 hula chini ya yuniti mbili za LUKU kwa saa nzima. Kinachoogopesha ni waya mrefu mwembamba wa kurefushia umeme, ambao hupoteza nguvu njiani, ukapata moto, na kuiunguza mota ambayo si yako.

Nani basi anunue? Anunue mwenye banda la kuku au zizi la nguruwe litakalo kuoshwa kila wiki kwa kuogopa maradhi. Anunue mwenye nyumba ya wageni yenye baraza pana la vigae. Anunue mwenye magari ya abiria matatu au manne yanayolala kwake. Na anunue kijana anayetaka kuifanya kazi ya uchumi. Mtu wa namna hiyo asishawishiwe na namba kubwa ya presha iliyoandikwa ubavuni, ambayo mara nyingi ndiyo kikomo ambacho mashine hukigusa nukta moja, bali aulize mambo matatu: lita kwa dakika, kichwa cha pampu ni cha shaba au cha alumini, na sili zake zapatikana wapi. Hilo la mwisho ndilo huwaponza wengi. Mashine zenye majina yasiyojulikana hufika katika maduka ya Kariakoo kwa shehena moja, zikauzwa, na mwaka wa pili hupati kipuri chake hata kwa dawa.

Kwa sisi wengine, kukodi kwetu aghalabu si kule kwa kitabuni, ambako mtu hutia sahihi mkataba na kuondoka na chombo. Hukodiwa mashine pamoja na mtu wake, na mimi nasema huo ndio mpango ulio bora, kwa sharti kwamba mtu huyo awe mjuzi. Mtazame hodari akianza kazi. Kwanza hufungua maji, akaminya kifyatuo cha bunduki ya maji bila ya kuwasha mota, akangoja mpaka mikohozi ya hewa iishe na mchirizi utulie, ndipo awashe. Huvika nozo ya rangi ya kijani, ambayo kwa desturi ya mashine hizi hutawanya maji kwa nyuzi 25, au nyeupe ya nyuzi 40, akajaribu pembeni nyuma ya tangi, mahali ambapo kosa halitaonekana. Husimama mbali, akasogea kidogo kidogo mpaka uchafu uanze kuachia, na umbali huo ndio atakaoushika mchana kutwa, mkono ukitembea pasipo kusimama mahali pamoja. Ukuta uliopakwa rangi huutia sabuni kutoka chini kwenda juu, ili isichirizike juu ya pakavu na kuacha mistari, kisha huusuuza kutoka juu kwenda chini. Asiyejua huanza na nozo nyekundu, ya nyuzi sifuri, ambayo hutoa mchirizi mmoja mwembamba kama sindano, na jioni hukuachia ukuta wa pundamilia.

Hadhari hapa si maneno ya kujaza karatasi. Mchirizi huo hupasua ngozi na kuyaingiza maji na uchafu ndani ya nyama. Jeraha kwa nje huonekana tundu dogo lisilo na damu nyingi, na mtu hulidharau, kumbe ndani mishipa imekwisha kuharibika, naye apaswa kupelekwa hospitali saa ile ile. Watoto na wasio na viatu wakae mbali. Mashine ya petroli isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu. Tena mashine isiachwe ikiunguruma dakika nyingi huku kifyatuo kimeachiwa, maana katika mashine nyingi za petroli, na katika zile za umeme zisizojizima zenyewe, maji yale yale huzunguka ndani ya pampu yakapata moto mpaka sili zikayeyuka.

Kisha kuna vitu ambavyo havikuumbiwa maji ya namna hii, na mwenye navyo ajiepushe na kununua na kukodi pia. Nyumba za mawe za Unguja mjini na Lamu, miji iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 na 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, nayo chokaa ni laini na hupumua. Presha huichimba, ikaingiza maji ndani ya ukuta, na baada ya miezi lipu huvimba na kuanguka vipande. Kuta hizo zioshwe kwa brashi laini na subira. Mabati ya kale ya asbesto yasiguswe kabisa, kwa sababu nyuzi zake zikiruka huingia mapafuni na kuleta maradhi mabaya, ikiwemo saratani. Chombo cha mbao kilichotiwa kalafati kisielekezewe nozo kwenye maungio, kwani pamba yenyewe itatoka. Hata matofali ya uwanjani, yale ya kupanga, hupoteza mchanga ulio baina yake, na asiyerudisha mchanga huo ataona matofali yakicheza chini ya mguu. Na kwa utelezi wa kijani juu ya saruji, klorini kidogo iliyochanganywa na maji, ikaachwa robo saa na kusuguliwa kwa fagio la chelewa, hufanya nusu ya kazi ambayo watu wanaikodia mashine.

Ukiisha kuamua kukodi, basi mwambie mwenye mashine aiwashe hapo hapo mbele yako kabla hujatoa amana, utazame kama bunduki yavuja na kama mchirizi hautetemeki. Mwafikiane kwa maandishi, japo ya mistari miwili, ni nani atakayelipa pampu ikifa mikononi mwako, na siku yahesabiwa mpaka magharibi au mpaka asubuhi ya pili. Ukimkodi kijana na mashine yake, usimlipe kwa saa, maana atachelewa, wala usimpe ujira wote mbele, maana atasogeza nozo karibu ili amalize upesi. Patana naye kwa kazi nzima, mwonyeshe pembe ya kujaribia, na fedha iliyobaki umpe ukuta ukisha kukauka, kwa kuwa ukuta mbichi wote huonekana safi.