Injini Kuukuu Nayo Ina Sarufi Yake

LIKO dai moja ambalo limekita mizizi katika shule na vyuo vyetu, nalo ni kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, mahubiri, siasa na soko, lakini si lugha ya mitambo. Wanaolishikilia hujiona wana ushahidi wa kutosha. Ingia katika gereji yoyote, watakwambia, kisha uhesabu maneno: pistoni, silinda, gasketi, ringi, valvu, nozeli. Yote, wasema, ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Iweje basi lugha isiyokuwa hata na jina lake yenyewe la pistoni imfundishe mtoto jinsi pistoni inavyofanya kazi?

Mimi nalipinga dai hilo, na hoja zangu sikuziokota maktabani pekee. Nyingi nilizipata wakati wa likizo ya Desemba, nyumbani kwetu viungani mwa Kitale, ambako tulishinda siku tisa tukiifungua na kuifunga injini ya trekta alilotuachia marehemu baba. Tulikuwa watatu: fundi mmoja mzee, jirani yetu, ambaye masomo yake yalikomea darasa la nne, mpwa wangu wa Kidato cha Tatu, nami ambaye kazi yangu ilikuwa kushika taa na kuosha vyuma kwa mafuta taa.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuundwa mwaka wa 1964 na ambayo ingali ikionekana katika mashamba mengi ya Bonde la Ufa. Injini yake ni ya Perkins, ya dizeli, yenye silinda tatu na ujazo wa lita 2.5 hivi. Tena injini hiyo ndiyo uti wa mgongo wa trekta: mbele imefungiwa ekseli, nyuma imefungiwa gia, wala hapana fremu ya kuibeba. Ndiyo maana kabla ya kulegeza nati hata moja, fundi alihakikisha kwamba trekta limeegemezwa kwa magogo, lisije likamwangukia mtu.

Kwa watu wa Trans Nzoia, trekta bovu si jambo la mzaha. Mahindi yetu hupandwa mvua za masika zinapoanza, mwezi wa Machi au Aprili, na shamba lisilokuwa limelimwa kufikia wakati huo limekwisha kuukosa msimu. Mama alikuwa ametoa kauli yake: trekta lisiponguruma kabla ya mwisho wa Januari, litauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Ugonjwa wake ulikuwa huu. Asubuhi yenye baridi lilikataa kuwaka. Likiwaka, lilitoa moshi mweupe, kisha wa buluu, na mlimani nguvu zilikwisha. Mzee alimgeukia mpwa wangu akamwuliza, "Kijana wangu, silinda ikivuja upepo, kwa nini trekta likatae kuwaka kukiwa na baridi?" Mpwa wangu, ambaye alama zake za fizikia ni nzuri, alinyamaza. Mzee akaendelea bila ya kumkejeli: "Hewa ikivuja haikandamiziki. Isipokandamizika haipati joto. Isipopata joto, dizeli haiwaki, inatoka nje moshi mweupe. Ule wa buluu ni oili, imepenya kwenye ringi zilizochoka ikaungua." Kijana alinitazama kwa mshangao. "Kumbe, mjomba, ndiyo ile ile tuliyoandika darasani!"

Naam, ndiyo ile ile. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Huvuta hewa tupu, ikaibana hadi ikabaki na nafasi iliyo chini ya sehemu moja kwa kumi na tano ya ile ya awali. Hewa iliyobanwa hivyo huwa moto mno, na dizeli ikinyunyizwa humo na nozeli huwaka yenyewe. Aliyepata kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono ameugusa ukweli huo kwa vidole vyake, kwani pampu hupata moto. Mpwa wangu alikuwa na kanuni hiyo kichwani, lakini ilikuwa imefungiwa katika lugha ya mtihani. Haikuwa imepata njia ya kufika uani.

Sasa hebu, mpenzi msomaji, tuyarudie maneno ya mzee yule kwa jicho la mwanaisimu. Majina mawili matatu ni ya kukopa: silinda, oili, ringi. Lakini vitenzi je? Kuvuja, kukandamizika, kupata joto, kuwaka, kutoka, kupenya, kuchoka, kuungua. Hapana hata kimoja kilichokopwa Uingereza. Nomino hutaja kitu. Kitenzi ndicho kinachoeleza kwamba jambo hili limelizaa lile. Na ufundi, kama sayansi, si orodha ya vitu bali ni maelezo ya sababu na matokeo.

Isitoshe, kukopa jina si aibu. Waingereza wenyewe walilipata neno lao la pistoni kutoka Kiitaliano kupitia Kifaransa, la silinda kutoka Kigiriki kupitia Kilatini. Trekta linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuvuta. Dizeli ni jina la mtu, Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka wa 1858. Nasi tulikopa bomba na parafujo kwa Wareno, na msumari kwa Waarabu, karne nyingi kabla ya trekta la kwanza kukanyaga Kitale. Hapo hapo hatukuacha kuunda ya kwetu: msasa ni mti ambao majani yake makavu yanakwaruza, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao kabla ya kuja kwa karatasi ya dukani iliyorithi jina lake.

Turejee kwenye injini. Ili kuijua silinda iliyougua, mzee aliliacha trekta lingurume, kisha akalegeza kidogo nati ya mrija wa dizeli wa silinda moja, akasikiliza, akaikaza; akaenda ya pili, na ya tatu. Silinda nzima ikinyimwa dizeli, mlio wa injini hubadilika. Ile ambayo ikinyimwa hapatokei mabadiliko yoyote, hiyo ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Hilo ni jaribio kamili la kisayansi: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, vingine viache vilivyo, kisha utazame matokeo. Yetu iligunduliwa kuwa ya tatu.

Katika kulifanya hilo, mzee aliuona mrija mwembamba wa kurudishia dizeli ukiwa vipande viwili. Akauliza, "Huu umekatika au umekatwa?" Mwalimu mwenzangu, hapo ndipo nilipotamani darasa langu zima liwepo. Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa, ambazo wanafunzi huzikariri kama dawa chungu, ziligeuka kuwa chombo cha uchunguzi. Ikiwa mrija umekatika, basi tutafute mtikisiko au uchakavu. Ikiwa umekatwa, tutafute mkono wa mtu. Ni hivyo hivyo kwa nati iliyolegea na nati iliyolegezwa. Kwa viambishi hivyo vifupi, Kiswahili humwelekeza fundi mahali pa kutazama.

Kifuniko cha injini kilipoondolewa na pistoni kutolewa, mzee alipitisha ukucha ndani ya silinda akasema, "Imelika juu." Kulika! Kitenzi kile kile cha kula, kikatiwa katika kauli ya kutendeka, kinatupa istilahi kamili ya uchakavu unaotokana na msuguano. Nayo silinda hulika zaidi sehemu ya juu kwa sababu huko ndiko kwenye joto na mkandamizo mkubwa kabisa, na ndiko utando wa oili ulikokonda zaidi.

Mbali na hiyo iko kauli ya kutendua, ambayo wengi wetu huipitia haraka haraka: kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kuchomeka na kuchomoa, kubandika na kubandua, kufunika na kufunua. Matengenezo ya injini yote yamo humo. Nusu ya kwanza ya kazi ni kutendua, nusu ya pili ni kutenda upya, kwa mpangilio uliogeuzwa: kilichochomolewa mwisho huchomekwa kwanza. Baada ya slivu, pistoni na ringi mpya kutiwa, valvu zilisagwa mpaka zikakaa vyema kwenye viti vyake. Tukamimina mafuta taa juu yake tuone kama yatavuja. Nati za kifuniko zilikazwa kwa awamu, kuanzia katikati kuelekea pembeni, ili gasketi ikandamizwe sawasawa na chuma kisipinde. Nafasi ya valvu tuliipima milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Siku ya tisa, upepo ulipotolewa katika mirija ya dizeli, trekta liliwaka, na mama hakusema tena habari za kilo.

Sitaki nieleweke kana kwamba nasema gereji inatosha. Mzee wetu alitumia neno "nguvu" kwa mambo matatu ambayo fizikia huyatenganisha: kani, kanieneo na nguvu yenyewe. Maneno hayo yapo, na watoto wa shule za msingi nchini Tanzania husomea sayansi kwa Kiswahili. Fundi ana vitenzi na uzoefu. Shule ina istilahi na vipimo. Msiba wetu ni kwamba wawili hao hawajakutana. Katiba yetu ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini maarifa ya fundi huyu hayajaandikwa popote kwa lugha hiyo wala nyingine yoyote. Hana mwanagenzi. Akiondoka, ataondoka nayo.

Ndipo nikatoa mapendekezo haya. Mwalimu wa Kiswahili, unapofundisha kauli za vitenzi, wapeleke wanafunzi wako kwa fundi aliye karibu, awe wa trekta, wa baiskeli au wa kinu cha unga. Waandike vitenzi anavyovitumia, wavipange kwa kauli zake, kisha watunge insha ya maelezo ya hatua za kazi moja, kwa namna ambayo mtu asiyeijua anaweza kuifuata. Mwalimu wa fizikia naye aikague insha hiyo na kuonyesha palipo na kanuni. Nanyi wanafunzi, mnapokwenda likizo, kaeni na mafundi wazee wa vijijini mwenu, mwulize, mwandike. Daftari moja la kila shule, likikusanywa mwaka baada ya mwaka, litakuwa kamusi ambayo hakuna kamati iwezayo kuitunga ikiwa imeketi mezani.

Fundi, mafunzo, mwanafunzi: maneno haya matatu yamechipuka katika shina moja, kitenzi cha kufunda. Waliotuachia lugha hii hawakuona ukuta kati ya anayetengeneza na anayefundisha. Ukuta huo tumeujenga sisi, na kwa bahati njema Kiswahili kinacho kitenzi cha kazi iliyosalia: kilichojengwa hujenguliwa.