Mabao ya Ndondo Yana Thamani Gani? Namna ya Kumpima Mchezaji wa Pwani ya Lindi

Juni na Julai, ligi ikiwa imesimama na fedha za ufuta zimeanza kuingia vijijini, karibu kila eneo kati ya Somanga na Mtama huwa na kombe lake. Diwani katoa jezi, mfanyabiashara kaahidi mbuzi, vijana wamechangishana posho ya waamuzi. Hiyo ndiyo ndondo. Wiki hizohizo klabu za Ligi Kuu na za Championship ziko katikati ya usajili, na simu hupigwa kutoka Kilwa Masoko kwenda Dar es Salaam na Ruangwa: kuna dogo huku ana mabao matano kwenye mechi tano, njooni mumwone kabla hajachukuliwa.

Wanaopiga simu hizo huwa wanasema kweli. Kijana yupo, mabao yapo, na uwanja mzima umeyaona. Shida iko kwenye hatua inayofuata, pale kiongozi wa klabu anapoyachukua mabao yale na kuyahamishia Ligi Kuu kana kwamba yatabaki yaleyale. Kazi ya skauti ni kutenganisha kile kitakachosafiri na mchezaji na kile kitakachobaki kwenye uwanja wa nyumbani.

Swali la kwanza si kafunga mangapi, bali kamfunga nani. Kwenye ndondo timu inaweza kuwa na mamluki wanne wa ligi mechi ya Jumamosi, halafu Jumatano ikachezesha watoto wa sekondari kwa sababu mamluki wameitwa kombe lingine Lindi mjini. Bao la Jumamosi na bao la Jumatano huandikwa sawa kwenye daftari la kamati. Kwa hiyo ukipewa orodha ya mabao, omba na vikosi vya wapinzani. Uliza beki wa kati alikuwa nani, ana umri gani, anacheza wapi ligi ikiwa imeanza. Uliza mangapi yalikuwa penalti. Nimekuta mfungaji bora wa kombe ambaye, ukiondoa penalti na ile mechi moja ya kipigo kikubwa, anabaki na bao moja.

Swali la pili ni la hesabu, na halihitaji zaidi ya kalamu. Mechi tano ni chache mno. Katika mechi tano mchezaji wa kawaida anaweza kung'ara na fundi halisi akazimika. Njia rahisi ya kujilinda ni hii. Tuseme washambuliaji wa mashindano kama hayo kwa kawaida hupata mabao 3 katika mechi 10. Mwongezee kila mchezaji unayempima hizo mechi 10 za kawaida na mabao yake 3. Yule dogo wa mabao 5 katika mechi 5 sasa ana mabao 8 katika mechi 15, yaani wastani wa 0.53. Mchukue na mwenzake ambaye hakuna aliyempigia simu, mwenye mabao 16 katika mechi 25. Naye mwongezee vilevile: mabao 19 katika mechi 35, wastani wa 0.54. Mwanzoni mmoja alikuwa na bao kila mechi na mwingine 0.64 tu. Sasa wako sawa, na huyu wa pili tunamjua vizuri zaidi kwa sababu tumemwona kwa muda mrefu. Kama mechi zake 25 zilikuwa za Ligi ya Mkoa, ambako kuna usajili na mwamuzi mwenye beji, mimi ningeanza kwake.

Suala la kipi husafiri na mchezaji, Wamarekani wamelitafakari sana kupitia besiboli yao. Wachezaji wa vyuo vikuu kule hutumia vigongo vya aluminiamu, ilhali ligi za kulipwa hutumia vya mbao, ambavyo havimsamehe mpigaji aliyegonga mpira vibaya. Mchezaji anapohama chuo hadi chuo, takwimu zake za aluminiamu huhama naye na kila kocha huziona. Lakini kiangazi, vyuo vikiwa vimefungwa, wachache walio bora hualikwa kwenye ligi ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts, ambako tangu 1985 hupigwa kwa mbao. Maskauti hufurika huko, maana ndipo wanapoona ni nani ambaye mapigo yake hayakutokana na chuma. Majirani zetu wa Uganda wameshauonja mlango huo wa kiangazi: mwaka 2023 Dennis Kasumba alikwenda Marekani kuichezea Frederick Keys katika ligi ya majira hayo inayowapima vijana kabla ya kuchaguliwa na klabu kubwa.

Sisi hatuna Cape Cod, lakini tuna tofauti kama ile ya mbao na chuma, nayo ni mchanga na nyasi. Kukimbia mchangani kunamgharimu mtu nguvu takriban mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Kijana aliyekulia kwenye mchanga wa pwani ana ndama za miguu zilizoshiba na pumzi ya kutosha, na hayo atakwenda nayo popote. Mpira wake ni kitu kingine. Mchangani pasi haibiringiki, inakufa njiani, hivyo amezoea kuunyanyua, kuutuliza kwa kifua, kuugusa mara tatu kabla ya kutoa. Mpeleke kwenye nyasi zilizomwagiwa maji, pasi inamfikia kwa kasi ambayo hajawahi kuiona na mguso wake wa kwanza unaruka mita mbili. Kocha asiyejua alikotoka atamwandika kuwa hana kipaji. Mimi humpa wiki sita za mazoezi kwenye nyasi kabla ya kusema lolote juu ya mguso wake, na ninaamini klabu zetu zinapoteza vijana wengi wa kusini kwa kuwapa majaribio ya siku mbili.

Je, ndani ya siku mbili mtu aangalie nini? Aangalie kichwa. Ukienda Kivinje kumwona kiungo namba nane, simama nyuma ya goli, usisimame pembeni, na kwa dakika kumi usiutazame mpira kabisa. Mtazame yeye. Hesabu mara ngapi anageuza shingo kutazama nyuma na pembeni katika sekunde kumi kabla ya mpira kumfikia. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliwapima viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa njia hii na kukuta kuwa wanaotazama zaidi ndio wanaofanikisha pasi nyingi za mbele. Utamwona mmoja anapokea mpira akiwa tayari mwili umefunguka upande wa goli, anajua beki yuko wapi. Mwingine anapokea akiwa amewapa wapinzani mgongo, anashtuka, anarudisha kwa kipa. Mashabiki humshangilia huyu wa pili kwa sababu baadaye anapiga kanzu. Tabia ya kutazama haihitaji nyasi wala viatu, na inasafiri vizuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua katika soka.

Hatua tano za kwanza za mbio nazo husafiri, na mguu wa pili, na kile anachofanya mchezaji sekunde tatu baada ya kupoteza mpira. Mbio ndefu za winga dakika ya themanini dhidi ya beki aliyetoka kuvua usiku kucha hazisafiri. Mashuti ya mita thelathini kwa kipa asiye na glovu, hali kadhalika.

Mkoa wa Lindi una mfano wake mkubwa wa namna ngazi inavyobadilisha picha. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu na katika msimu wake wa kwanza, 2019/20, ikamaliza nafasi ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Sumbawanga, Agosti 2020, ikafungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba alikuwa tayari bingwa wa ligi, Namungo ikaenda kuiwakilisha nchi Kombe la Shirikisho Afrika. Februari 2021 ikaitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, mechi zote mbili zikichezwa Dar es Salaam, ya kwanza ikiisha 6-2. Halafu ikaingia hatua ya makundi dhidi ya Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikacheza mechi sita bila kupata hata pointi moja.

Kikosi kilikuwa kilekile na msimu ni uleule. Mtu aliyewanunua wachezaji kwa kuitazama ile 6-2 angelipa dau lisilo lao, na aliyewapima kwa mechi za makundi peke yake angewaacha watu waliokuwa wamemaliza wa nne msimu uliotangulia katika ligi ya timu 20. Mimi naipenda Namungo kwa sababu iliwaonyesha watoto wa mkoa wetu kwamba barabara ipo, na kwa skauti ni somo zuri kuliko kitabu.

Umri nao ni sehemu ya kipimo, na hapa lazima tuzungumze wazi. Mabao ya kijana wa miaka 16 dhidi ya watu wazima yana maana tofauti kabisa na ya kijana wa 22 anayeandikwa 17. Mwaka 2017 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, walikwenda fainali za Afrika za umri huo kule Gabon baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa kwa kushindwa kumfikisha mchezaji wao kwenye kipimo cha umri. Kipimo chenyewe ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono, inayoonyesha kama mfupa umekwishaungana. Kwa kijana asiyefikisha miaka 17 ni nadra sana kuungana kabisa. Mzazi anayepunguza umri wa mwanawe anadhani anamsaidia. Anachofanya ni kumwekea ukuta mbele, kwa sababu siku atakapoitwa timu ya taifa picha itasema, na hapo hata rekodi zake za kweli zitatiliwa shaka.

Sasa kwa upande wa kumkuza mchezaji. Msimu wa mapumziko una kazi mbili zinazovutana. Kijana wa shule au wa Ligi ya Wilaya anahitaji mechi, na ndondo inampa. Acheze kadiri mwili unavyoruhusu. Lakini mchezaji aliyemaliza msimu mzima wa ligi anahitaji kupumzika kwanza. Chama cha wachezaji cha dunia, FIFPRO, kinataka angalau wiki nne za mapumziko. Wengi wa vijana wetu hushuka basi Nangurukuru leo na kesho wamevaa jezi ya umamluki, misuli ya nyuma ya paja ikiwa bado haijapona. Mikataba mingi inakataza, lakini laki moja mkononi kijijini ina nguvu yake, na klabu inayochelewesha mishahara haina uso wa kumlaumu.

Kwa atakayecheza, kuna kinga isiyogharimu hata shilingi. Zoezi la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo vya miguu, ukashuka mbele polepole ukijizuia kwa nyuma ya mapaja, likifanywa kwa utaratibu, hupunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Mazoezi ya kupasha mwili yaitwayo FIFA 11+ huchukua dakika ishirini na yamepunguza majeraha kwa theluthi moja hivi au zaidi kwenye timu zilizoyafuata. Yote yanafanyika hata ufukweni Masoko. Natamani kila kocha wa kata aliye na filimbi ayajue.

Na wazazi wajue la mkataba. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa mkataba unaozidi miaka mitatu, na hawezi kuhamishiwa nje ya nchi isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Wakala wa kijana wa umri huo anatakiwa awe na leseni na ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Anayekuja na karatasi ya miaka mitano na kalamu ya haraka, mpeni chai aende.

Timu iliyomlea ina haki pia. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, 5% ya dau hugawanywa kwa klabu zilizomfundisha: 0.25% kwa kila msimu kuanzia ule anaotimiza miaka 12 hadi wa miaka 15, na 0.5% kwa kila msimu kuanzia wa 16 hadi wa 23. Mbwana Samatta alipokwenda Aston Villa Januari 2020 dau liliripotiwa kuwa kama paundi milioni 8.5. Timu ya Kivinje iliyomlea kijana kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa 17 ina haki ya 2%, na kwa dau kama hilo ni paundi 170,000, fedha ya kuotesha nyasi na kuchimba kisima cha kuzimwagilia.

Malipo hayo hufuata kumbukumbu za usajili, hayafuati ushahidi wa wazee waliomwona akicheza. Timu ambayo si mwanachama wa chama cha soka cha wilaya, au iliyomchezesha mtoto miaka sita bila kumsajili, haionekani kwenye hesabu ya FIFA. Kwa hiyo msimu ukianza, kabla ya kugawa jezi, katibu apeleke fomu wilayani, moja kwa kila kijana, kuanzia msimu anaotimiza miaka 12. Jina liwe lile la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, si lile analoitwa uwanjani, na nakala yenye muhuri ibaki kwenye faili la timu.