Mlango wa gereji kwenye simu: nyaya mbili zina siri gani?

Mashine ya umeme ya kufungulia mlango wa gereji ilibuniwa Marekani mwaka 1926 na C. G. Johnson, aliyekuwa ametengeneza mlango unaopanda juu miaka mitano kabla ya hapo. Kwa miongo mingi umbo lake halikubadilika sana: mota iliyoning'inizwa darini, mnyororo au mkanda wa kuvuta, springi za kubeba uzito, na kitufe ukutani chenye nyaya mbili. Kitufe hicho hakipeleki ujumbe wowote. Kikibonyezwa, nyaya zinagusana, basi. Mlango uliofungwa unapanda, ulio wazi unashuka.

Urahisi huo ndio uliofungua njia ya kuuingiza mlango kwenye nyumba janja. Kifaa kidogo chenye relei na Wi-Fi hufungwa kwenye skurubu zilezile za kitufe. Simu ikiamuru, relei inagusanisha nyaya kwa muda mfupi, na mota haina namna ya kujua kama kilichobonyeza ni kidole au simu. Tatizo ni kwamba amri ya kufungua na ya kufunga ni moja. Mtu aliye kazini, asiyejua mlango uko katika hali gani, anaweza kubonyeza akidhani anaufunga, kumbe ndiyo kwanza anauacha wazi hadi jioni. Kwa hiyo mfumo unahitaji kihisi: sumaku na swichi yake kwenye fremu, au kidude kinachobandikwa mlangoni ili kutambua kama mlango umesimama au umelala. Mafundi wenye haraka huruka hatua hii, na ndiyo isiyofaa kurukwa.

Rimoti zilikuwa na historia yao. Za zamani zilirusha msimbo uleule kila mara, hivyo aliyeweza kuunasa au kuubahatisha aliingia. Mwaka 2015 mtafiti Samy Kamkar alionyesha kuwa kifaa cha kuchezea watoto, kikibadilishwa kidogo, kinafungua milango ya aina hiyo kwa sekunde chache. Watengenezaji wakubwa walikuwa wameanza tangu miaka ya 1990 kutumia msimbo unaobadilika kila rimoti inapobonyezwa.

Kisha mabadiliko yakafika ukutani. Mwaka 2011 kampuni ya Chamberlain, inayotengeneza pia mashine za LiftMaster, ilileta mfumo wa Security+ 2.0. Nyaya bado ni mbili, lakini sasa kitufe na mota vinazungumza kwa ujumbe wa kidijitali, na relei ya kawaida ikizigusanisha mlango hausogei. Njia iliyobaki kwa wengi ilikuwa MyQ, huduma ya kampuni hiyohiyo, ambayo amri zake hupita intaneti hadi kwenye seva zake kabla ya kurudi gerejini. Mwishoni mwa 2023 Chamberlain ilifunga njia hiyo kwa programu zisizo na mkataba nayo, na Home Assistant, mfumo huria wa nyumba janja, ikaondoa muunganisho wake wa MyQ Desemba mwaka huo. Watu walionunua mashine kwa fedha zao walijikuta wakihitaji ruhusa ya mwingine kuiamuru.

Jibu lilitoka kwa wabunifu wa kujitegemea. Kibao cha saketi kiitwacho ratgdo huunganishwa kwenye mota na kuzungumza lugha yake moja kwa moja, ndani ya nyumba, bila seva ya mbali. Faida yake haiishii kwenye uhuru: mota yenyewe hutoa taarifa ya mlango, taa na kizuizi, kwa hiyo kihisi cha pembeni hakihitajiki tena.

Usalama wa watu una sheria zake. Tangu 1993 mashine mpya za nyumbani nchini Marekani lazima ziwe na kinga ya kuzuia mtu kubanwa, kwa kawaida macho mawili ya mwanga yanayofungwa karibu na sakafu. Mlango unaofungwa na mtu asiyeuona hutakiwa kwanza kulia na kumulika. Kuyapita macho hayo kwa waya ili kupunguza usumbufu ni kuhatarisha watoto, na hakuna programu ya simu inayoziba pengo hilo.

Nairobi na Dar es Salaam, ambako kinachofungwa mota mara nyingi ni geti la kuteleza, mambo ni mepesi zaidi: mota nyingi za mageti bado zina sehemu ya kuunganishia kitufe cha kawaida, na relei inatosha.

Kwa aliye na mashine ya Chamberlain au LiftMaster, jambo la kwanza ni kupanda ngazi na kutazama kitufe cha kusajilia rimoti nyuma ya mota au pembeni yake. Kikiwa cha zambarau, chekundu au cha machungwa, relei itafanya kazi. Kikiwa cha njano, hiyo ni Security+ 2.0, na relei peke yake ni kupoteza fedha bure.