Vuguvugu Si Ugonjwa Mmoja: Kuzitambua Kasoro za Tangi la Maji Moto

Neno vuguvugu lina maisha mawili katika Kiswahili cha Kenya. Katika siasa, vuguvugu la mageuzi ni joto linalopanda; bafuni, maji vuguvugu ni joto lililoshindwa kupanda au lililopotea njiani. Ni katika matumizi haya ya pili ambapo neno lenyewe humponza mwenye nyumba. Anapompigia fundi simu na kumweleza kwamba maji ni vuguvugu tu, huwa amesema machache mno, maadamu hali zisizopungua tatu hujificha chini ya neno hilo moja na kila hali ina chanzo chake. Fundi asiyeuliza maswali huja na elementi mpya mkononi, akaifunga, akalipwa, akaenda zake. Kesho yake maji huwa yale yale fufutende.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha namna kasoro ya tangi la maji moto la umeme, lile ambalo mafundi huliita silinda au boila, inavyoweza kubainishwa kabla ya pesa kutumika. Matangi ya jua yawekwayo juu ya paa yana mambo yake, hasa mwezi wa Julai mawingu yanapoigubika Nairobi, nayo hayatajadiliwa hapa.

Kwanza ni sharti utendakazi wa tangi ueleweke. Katika nyumba nyingi za mijini, maji baridi hushuka kutoka kwenye tangi la akiba na kuingia sehemu ya chini ya tangi la maji moto. Humo ndani mna elementi, ambayo hupata moto umeme unapopita, pamoja na themostati, ambayo huukata umeme huo joto linapofikia kiwango kilichowekwa. Maji moto ni mepesi kuliko baridi. Kwa hiyo hupanda na kutulia juu, na bomba la kuyapeleka bafuni huyachota huko huko juu. Matabaka haya mawili yakidumu, anayeoga hupata maji moto hadi tangi likaribie kwisha. Yakivurugwa, vuguvugu huanza.

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya kwanza ya kuchunguzwa ni mahali. Je, maji ni vuguvugu kila penye mfereji au katika bafu moja tu? Ikiwa jikoni yanaunguza ilhali bafuni ni vuguvugu, yamkini tangi halina hatia. Mshukiwa ni mfereji wa kuchanganyia maji, hasa ule wenye mkono mmoja, ambao sehemu zake za ndani zikilika huruhusu maji baridi kuvuka na kuingia katika bomba la maji moto. Kasoro hii ni janja, kwani mfereji mmoja mbovu waweza kuyapoza maji ya nyumba nzima pasipo wenyewe kudondosha hata tone. Jaribio lake ni jepesi. Umeme uzimwe, vali ya maji baridi yanayoingia tangini ifungwe, kisha mfereji wa maji moto ufunguliwe. Mtiririko ukikatika baada ya muda mfupi, mabomba ni salama. Ukiendelea bila kukoma, maji hayo yanavuka kutoka upande wa baridi. Jaribio lenyewe halichukui zaidi ya dakika tano wala halihitaji kifaa chochote, na ajabu ni kwamba aghalabu husahaulika.

Hali ya pili ni ya maji yanayoanza yakiwa moto kisha yakapoa upesi. Hapa hesabu ndogo yafaa kabla ya kumshuku yeyote. Lichukuliwe tangi la lita 100 lenye maji ya nyuzi 60, na maji baridi ya nyuzi 18. Anayeoga kwa nyuzi 40 huyachanganya takriban nusu kwa nusu. Hivyo lita hizo 100 huzaa kama lita 190 za kuogea. Themostati ikishushwa hadi nyuzi 50, lita 190 hupungua na kuwa 145 hivi. Shawa inayotoa lita 9 kwa dakika itazimaliza kwa dakika 16 badala ya 21. Katika familia ya watu wanne wanaooga dakika tano tano, wa nne ataangukia vuguvugu, na hakuna kilichoharibika. Kuna aliyetaka kuokoa umeme.

Hesabu ikikataa, na maji yakapoa katika dakika mbili tatu, basi shaka iuangukie mrija wa ndani unaoyashusha maji baridi hadi chini katika matangi yanayojazwa kutoka juu. Ukivunjika, maji baridi humwagika palepale pa kuchotea. Aidha, katika nyumba mpya hutokea mabomba yakaunganishwa kinyume, la kuingizia likawa la kutolea. Tangi kama hilo huwa halijapata kuridhisha tangu siku ya kwanza, na hiyo ndiyo alama yake.

Hali ya tatu, ya maji yasiyovuka vuguvugu hata yakipashwa usiku kucha, ndiyo inayozua makosa mengi. Elementi hushtakiwa kwanza. Hata hivyo, tangi lenye elementi moja lina mantiki isiyopindika: elementi iliyokatika haipashi hata kidogo, na maji yake ni baridi, si vuguvugu. Maji yanayokomea njiani huashiria themostati inayokata umeme mapema. (Matangi yenye elementi mbili ni kando; ya chini ikifa, maji machache ya juu ndiyo hupata moto, na hali huwa ile ya pili.)

Themostati nayo huenda ikawa nzima. Penye maji ya visima yenye chokaa nyingi, chokaa hiyo huganda juu ya elementi mithili ya ukoko wa wali chini ya sufuria. Joto hunaswa humo, themostati iliyo karibu ikadhani kazi imekwisha, ilhali maji ya mbali bado. Aghalabu tangi la namna hii hunguruma linapopasha. Dawa ni kuyamwaga maji na kuuparura ukoko.

Muda pia una usemi wake. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi 60 hudai takriban uniti 4.9 za umeme, kazi ya saa moja na dakika 40 hivi kwa elementi ya kilowati 3 kwenye volti 240. Volti zikishuka hadi 200, nguvu hiyo huwa kama kilowati 2.1, na muda hupita saa mbili na robo. Anayewasha swichi saa kumi na mbili jioni na kuoga saa moja unusu ataoga vuguvugu bila tangi kuwa na kasoro.

Iwapo maji ni baridi kabisa, hapo elementi ipimwe na mwenye ujuzi wa umeme, swichi kuu ikiwa imezimwa. Ya kilowati 3 huonyesha ukinzani wa omu 19 hivi. Ikikatika, mkondo haupiti. Mgao wa maji ni adui yake, kwa sababu pasipo vali ya kuzuia maji kurudi, tangi laweza kukauka kupitia bomba la kuingizia, elementi ikabaki ikiwaka hewani na kuungua.

Hatimaye, kuipandisha themostati hadi mwisho kama suluhisho la mkato kuna hatari. Maji ya nyuzi 60 huichoma ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto kwa haraka zaidi. Wala kuishusha mno si salama: bakteria wa legionela, waliotambuliwa baada ya mkurupuko wa mwaka 1976 jijini Philadelphia, Marekani, hustawi katika maji ya nyuzi 20 hadi 45, yaani katika vuguvugu hasa. Ndiyo maana hupendekezwa tangi liwekwe nyuzi 60, na ukali wa maji upunguzwe karibu na mfereji kwa vali ya kuchanganyia iliyowekewa kikomo.