Piano Isianze kwa Machozi

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapisha kama yalivyosomwa.)

Leo naanza kwa kuungama. Jumamosi moja jioni nilikuwa nimeketi na binti yangu wa miaka 6 mbele ya kinanda cha umeme, kitabu cha noti kimefunguliwa mbele yake. Alipokosea kidole kwa mara ya nne, nilimgonga mkononi kwa kalamu niliyokuwa nimeishika. Sikumgonga kwa nguvu, lakini aliivuta mikono yake akaikalia. Nilinyamaza kimya, maana mimi nami niliificha mikono yangu vivyo hivyo nilipokuwa na miaka 9, mbele ya mwalimu aliyefundisha kwa rula. Baada ya miezi mitatu niliacha, na tangu hapo sikugusa piano tena.

Jumamosi iliyofuata binti yangu alisema tumbo linamuuma. Juma lililofuata, vilevile. Nikamwendea mwalimu wake, mama mmoja wa makamo, nikamwuliza kama mtoto hana kipaji.

"Baba," akanijibu, "huyo hajashindwa piano. Ameshindwa kitabu."

Akanieleza. Mtoto anayeanza hutakiwa kufanya kazi tano kwa mpigo: asome karatasi, atafute kibao, achague kidole, ahesabu mapigo, na asikilize sauti. Hata mtu mzima angechanganyikiwa. Dawa yake ni kuzitenganisha kazi hizo, na kila moja kuipa mchezo wake, mtoto ajifunze kwa kugusa kabla ya kusoma. Kisha akafungua kikapu alichokuwa nacho. Niliyoyaona humo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Kwanza, kuijua njia. Piano kamili ina vibao 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Kwa mtoto huo ni msitu. Lakini vile vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu. Mwalimu alitoa wanasesere wadogo wa kitambaa, wawili wakalazwa juu ya vibao viwili vyeusi, watatu juu ya vitatu. Halafu akamfumba mtoto macho, avitafute kwa kupapasa. Kibao cheupe kilicho kushoto tu mwa vile viwili ndicho noti ya C. Siku hiyo hiyo binti yangu aliitafuta C moja baada ya nyingine huku akicheka.

Pili, umbo la mkono. Kikapuni mlikuwa na mpira wa soksi kuukuu. Mtoto anaushika kwa ulaini, kisha unaondolewa taratibu, na mkono unabaki umeviringana vile vile. Mkono huo ndio unaotakiwa. Baada yake ukaja unga wa ngano uliokandwa. Vidole vina namba, gumba likiwa 1 na kidole cha mwisho 5, kwa mikono yote miwili. Mwalimu anataja namba, mtoto anabonyeza kidole hicho peke yake. Ncha ya kidole ikiacha kishimo cha duara, vyema. Ikiacha mfereji mrefu, kidole kimelala, na mtoto anajiona mwenyewe bila kukemewa. Wala unga usiwe mgumu, kwani kibao cha piano hushuka kwa uzito wa takriban gramu 50 tu. Mabavu hayahitajiki.

Tatu, mapigo. Hapa palikuwa na kifuko cha kitambaa kilichojazwa kunde. Kwa kila pigo kinarushwa toka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Noti ikiwa ndefu, kinashikwa mpaka hesabu iishe. Jambo hili si geni. Émile Jaques-Dalcroze, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha muziki cha Geneva, Uswisi, tangu mwaka 1892, aliona wanafunzi wake wanaijua nadharia lakini mapigo yanawatoroka, akaanza kuwatembeza na kuwapigisha makofi. Naye Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mjini Rome mwaka 1907, aliwafundisha kwa vitu vya kushika na kulinganisha, zikiwamo kengele za kutofautisha sauti.

Nne, sikio. Mtoto anafumba macho, mbele yake pana jiwe laini na unyoya wa kuku. Mwalimu akipiga sauti nene, anagusa jiwe. Akipiga nyembamba, anagusa unyoya.

Karatasi ilikuja mwisho. Mistari mitano ilichorwa sakafuni kwa chaki, mtoto akaruka kutoka mstarini hadi kwenye nafasi. Kitabu kilipofunguliwa tena, alikuta humo vitu anavyovijua tayari.

Najua mzazi mwenzangu atauliza: nilipe ada ili mtoto wangu achezee unga? Swali hilo ni la haki. Mwalimu huyu ana masharti. Kila mchezo una kazi moja, hauzidi dakika chache, na papo hapo mtoto anarudi kwenye kinanda kuifanya kazi ile ile. Mchezo usiorudi kwenye kinanda ni mchezo tu. Tena mtoto akishazoea, kitu kinawekwa kando. Mikono ioshwe unga kabla ya kugusa vibao, na kokoto, kunde na vitu vingine vidogo viwe mbali na watoto wachanga, wasije wakavimeza.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole kumi vinahitaji muda kufahamiana, na havifahamiani kwa hofu.

Binti yangu si bingwa. Anapiga nyimbo fupi za noti tano, na bado anakosea. Lakini tumbo limepona. Jumamosi iliyopita aliniambia nikae mahali pake, nikakaa, nikaweka vidole juu ya vibao kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka 9. Akaitazama mikono yangu, akaenda kikapuni, akaniletea mpira wa soksi.

"Baba," alisema, "mkono wako umelala. Shika hii kwanza."

Nikashika. Kwaherini hadi juma lijalo.