Trafiki Usiyoijua Kwenye Ruta ya Duka: Isome Hivi

Biashara ndogo siku hizi huwa na vifaa vingi kuliko wafanyakazi. Kwenye duka moja la vipuri utakuta simu ya till, tableti ya stoki, kamera mbili za usalama na televisheni ya wateja, zote zikitumia WiFi moja. Zote hupitia ruta, na ndani ya ruta kuna fayawoli. Ichukulie kama soja wa geti: anaamua nani aingie na nani atoke, halafu anaandika kwenye kitabu. Kitabu hicho ndicho huitwa logi.

Wengi wetu hukifungua siku bando limeisha mapema. Unakutana na mistari 300 ya namba, mingine kutoka nchi ambazo huna biashara nazo, na swali linakuja lenyewe: je, pesa za till ziko salama? Tulia. Twende polepole.

Anza na mwelekeo

Kila mstari huonyesha saa, anwani ya inakotoka trafiki, anwani ya inakoenda, namba ya poti, na kama fayawoli iliruhusu au ilizuia. Mstari wa kutoka nje uliozuiwa maana yake mtu amebisha, soja akamfukuza. Kuna programu zinazobisha kila mlango wa intaneti usiku na mchana, wala hazikutafuti wewe. Hiyo iache.

Kaza macho kwenye trafiki inayotoka ndani kwenda nje bila wewe kujua sababu. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za vifaa vya ndani. Ukiona 192.168.1.14 upande wa inakotoka, basi anayeongea yuko humo humo dukani.

Soma poti

Poti ni kama madirisha ya benki, kila moja na kazi yake. Poti 53 huulizia anwani za tovuti. Poti 123 husahihisha saa ya kifaa. Poti 443 ni ya tovuti na app zinazoficha mawasiliano yake. Poti 5228 hutumiwa na simu za Android kupokea arifa. Hizo utaziona kila siku.

Poti 23 ikitoka kwenye kamera yako, hapo kuna neno. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu manenosiri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuwahi kubadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hivyo ukizima kamera na kuiwasha inatoka. Lakini nenosiri likibaki lile lile, inarudi. Zima, washa, badilisha nenosiri hapo hapo.

Saa nayo hudanganya

Ruta nyingi huandika saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa 3. Logi ikisema 03:15, utadhani kuna mtu kazini saa tisa na robo usiku. Kumbe hapa ilikuwa 06:15, saa kumi na mbili na robo asubuhi, wakati unafungua duka na simu zinaamka. Hakikisha saa ya ruta kabla ya kumshuku mtu yeyote.

Mtafute mwenye anwani

Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye ruta, ulinganishe na ile anwani. Jina usilolijua si lazima liwe la mwizi: simu za kisasa hujibadilishia kitambulisho cha WiFi, kwa hivyo mgeni huyo anaweza kuwa simu yako mwenyewe. Ukishindwa, chomoa kifaa kimoja kimoja. Mistari ikikoma, umempata.

Na pesa je?

Menyu ya pesa iliyo kwenye laini hupita mtandao wa simu, haipiti WiFi ya duka. Kamera iliyotekwa haiwezi kuinasa PIN hiyo kupitia WiFi.

Mambo hubadilika kama kifaa kinachoongea ni simu yenyewe ya till, hasa ikiwa ina app iliyopakuliwa kupitia linki ya WhatsApp. Simamisha miamala kwenye simu hiyo. Toa laini, iweke kwenye simu unayoiamini, badilisha PIN, kisha pitia taarifa ya miamala yako. Simu ya kwanza ifutwe yote kabla haijarudi kazini. Ukiona muamala usioujua, tupigie siku hiyo hiyo. Shambulio lenyewe unaweza kuliripoti kwa KE-CIRT, kikosi cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Na jambo moja ambalo logi haitawahi kukuonyesha: simu ya mtu anayejifanya mhudumu wetu akikuomba PIN. Huyo hapiti getini kwa soja. Anakuja kwako moja kwa moja, na wa kumzuia ni wewe. Kata simu.